Siku Polisi Walipoingia kwa Mama Mjumbe bila Hati

Mtaani kwao Bombambili, watoto wa shule huijua sheria ya upekuzi kabla hawajaijua kanuni ya eneo la duara, na wa kulaumiwa ni Mama Kunegunda Mbawala. Kazi yake ni kushona sare. Ukimpelekea sketi apunguze kiuno, anakusimamisha barazani, anakuchomeka pini pande zote ili usiweze kukimbia, halafu anaanza. Maneno yanamtoka huku pini tatu ameziuma mdomoni, na mpaka leo hajameza hata moja.

"Polisi akija kwenu anataka kupekua, unamwuliza nini?"

"Shikamoo."

"Baada ya shikamoo."

"Hati ya upekuzi."

"Imeandikwa nini?"

"Nyumba ya nani, na wanatafuta nini."

"Saa ngapi waje?"

"Jua likiwa limeshatoka na bado halijazama."

"Na lazima nani awepo?"

"Wewe, mama mjumbe."

"Haya, geuka nipime nyuma."

Alikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa mwaka wa kumi na moja sasa, na polisi wakitaka kupekua nyumba yoyote upande ule wanapita kwake kwanza wamchukue awe shahidi. Anavua tepu ya kupimia shingoni, anavaa viatu vya kanisani, anakwenda. Wakifika mlangoni kwa mtu, kabla askari hajanyanyua mguu kuvuka kizingiti, Mama Kunegunda anamgeukia na kumwambia kwa upole kabisa, "Mifuko kwanza, mwanangu." Maana yake askari naye ajipekue mbele ya mwenye nyumba: atoe kila kilichomo mfukoni, akunjue mikono ya shati, ili baadaye asije mtu akasema kitu kilichookotwa chini ya godoro kiliingia na askari. Kwa njia hiyo mtaa mzima ulikwishajua kwamba Koplo Bashiru anatembea na karanga za kukaanga, kitana, na picha ndogo ya mkewe akiwa amevaa joho la mahafali. Koplo mwenyewe alikuwa amezoea. Siku nyingine alianza kutoa karanga kabla hajaambiwa, na kuwagawia watoto wa mwenye nyumba.

Ukali huo ulitokea Lusewa, alikozaliwa. Alikuwa na miaka tisa, msimu wa kufunga tumbaku, watu wawili walipofika kwa baba yake wakajiita askari. Hawakuwa na karatasi, hawakumwita jirani yeyote. Walimwaga mahindi ya kwenye kihenge, wakapasua mto wa sufi, wakaondoka na redio ya baba yake wakisema wanakwenda kuichunguza. Hapakuandikwa risiti. Baba yake alikwenda kuiulizia mara tatu, kwa miguu, na mara zote tatu aliambiwa hakuna anayewajua watu hao. Mpaka leo haijulikani kama walikuwa askari kweli. Kunegunda anachokumbuka zaidi ni baba yake jioni ile, anaweka mkono kwenye kimeza pale redio ilipokuwa, anautoa, anauweka tena.

Sasa, sheria ina mahali pake pa kutokea, na Mama Kunegunda alipajua. Alipajua lakini hakupapenda. Akifika hapo alikuwa anakimbiza maneno kama msomaji wa matangazo ya vifo anayeona mvua inakuja: "Labda wawe wanamfukuza mtu wa kukamatwa akakimbilia humo, au waone ushahidi unataka kupotezwa sasa hivi wakienda kufuata karatasi watakuta hamna kitu, au roho ya mtu iko hatarini. Lakini hayo hayatokei Bombambili. Inua mkono nipime kwapa."

Na kwake mwenyewe je? Aliulizwa mara moja kwenye mkutano wa mtaa. Akajibu mbele ya watu wote, tena amesimama, kwamba askari wa kuvuka kizingiti cha Kunegunda Mbawala bila hati hajaajiriwa. Watu walipiga makofi. Swalehe, fundi simu wa nyumba ya jirani ambaye kazi yake ya pili ni kumtania, akasema, "Tunaandika hiyo, mama mjumbe."

Basi ikaja Julai. Kwa wasioijua Songea ya Julai, ni mwezi ambao maji ya bomba yanauma meno na watu wazima wanagombea kukaa karibu na moto. Mjukuu wa Mama Kunegunda alikuwa anapata kipaimara Lusewa Jumapili ile, na bibi mtu aliahidi kupeleka togwa la ulezi, madumu matatu ya lita ishirini ishirini. Togwa lake lilikuwa na sifa. Mara ya mwisho, hata hivyo, lilimwagika ndani ya basi, likaingia kwenye kiatu cha bwana mmoja mnunuzi wa tumbaku, na bwana yule alisafiri mpaka Namtumbo akiwa na kiatu kimoja mikononi mwake, kwa maneno ya kondakta, kama mtu aliyebeba mtoto.

Safari hii Mama Kunegunda alijiapiza halimwagiki tone. Kila mpishi wa togwa anajua kwamba likishatiwa kimea linahitaji kupumua. Unafunika kwa kitambaa au kwa jani la mgomba, basi. Yeye alifunga vifuniko vya madumu kwa nguvu zake zote, akaweka nailoni juu, kisha akazungushia mpira wa ndani wa baiskeli, mara sita kila dumu, akakaza kwa meno. Halafu, kwa kuwa baridi inachelewesha togwa kuchacha, akayapanga jikoni karibu na mafiga yapate joto. Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni.

Jiko lake ni kijumba cha matofali ya kuchoma kilichosimama peke yake uani, kina mlango mzito wa mninga alioununua kwa jasho, na dirisha dogo la mbao. Ijumaa asubuhi humo ndani alikuwamo Bibi Otilia, mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na minne, anaota moto na kuchambua maharage. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani. Nani alimfundisha kufunga komeo akibaki peke yake? Unamjua.

Saa tatu hivi Koplo Bashiru alifika getini na askari mpya, Konstebo Careen, msichana mwembamba ambaye kofia ilimzidi kidogo.

"Shikamoo, mama mjumbe."

"Marahaba, wanangu. Leo wapi?"

"Kwa Valence, yule wa mashine ya kukoboa. Kuna jenereta ya mtu imepotea. Hati hii hapa, imesainiwa na mkuu wa kituo, soma mwenyewe."

Mama Kunegunda alisogeza miwani, akasoma kila neno, akaridhika. "Nzuri. Ngoja nivae viatu. Na wewe, mwanangu mgeni, mifuko yako hukaguliwa mlangoni kwa mtu, usiseme hukuambiwa."

"Nimeshaambiwa, mama," alisema Careen. "Wote kituoni wanaambizana."

Hapo ndipo jikoni kulipopasuka kitu. Sauti ilikuwa kavu, moja, ikapiga ukuta wa Swalehe ikarudi. Kuku walitawanyika. Koplo Bashiru alimvuta Careen wakainama nyuma ya mparachichi, kofia ya Careen ikabaki imesimama peke yake hewani kwa nukta moja kabla haijaanguka.

"Hiyo ni bunduki," alisema Koplo. "Mama mjumbe, nani yumo jikoni?"

"Nyumbani kwangu hakuna bunduki."

"Nimekuuliza nani yumo."

"Mama yangu yumo."

Koplo alinyanyuka akaanza kuelekea jikoni. Na Mama Kunegunda, kabla kichwa chake hakijafikiri lolote, miguu ilikwishamfikisha mlangoni. Alijipanga pale mikono wazi, huku na huku, viganja vimeshika miimo.

"Karatasi," alisema.

"Karatasi umetoka kuisoma sasa hivi."

"Ile imeandikwa Valence Luoga. Mimi ni Valence Luoga?"

Majirani walianza kutokeza juu ya ua wa matete kama mahindi yanayochipua. Subira muuza vitumbua alikuja na beseni lake kichwani. Swalehe alipanda juu ya tofali, simu mkononi. "Haya," alisema, "leo ndiyo leo."

"Mama mjumbe, nakuheshimu," alisema Koplo. "Toka mlangoni."

"Mimi nakupenda pia, mwanangu, lakini nenda kituoni ukalete ya jina langu. Ni dakika arobaini kwa pikipiki kwenda na kurudi. Nitakungoja hapahapa."

Likapasuka la pili. Hili alilisikia mgongoni, mlango wote ulimgonga kama mtu anayetaka kutoka. Kisha kikafuata kishindo cha vyombo, vingi, sufuria moja ikizunguka sakafuni kwa muda mrefu sana kabla ya kutulia.

"Mama?" aliita Kunegunda, uso ameugeuzia ubao wa mlango. "Mama, fungua komeo."

Komeo halikusogea. Chini ya mlango mvuke mweupe ulitoka taratibu, ukapita katikati ya viatu vyake vya kanisani. Na bado mikono yake ilikuwa imeshika miimo. Ndani ya kichwa chake mlikuwa na kihenge kimemwagwa, na makofi ya mkutano, na sauti yake mwenyewe ikisema hajaajiriwa. Viliingiliana vyote kwa pamoja, hata hakuweza kukitoa kimoja.

Koplo Bashiru alimsogelea mpaka akawa karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini ambayo ua mzima uliisikia kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua. "Mama, ukiniruhusu naingia, na usiponiruhusu naingia vilevile. Kuna mtu humo na hajibu. Wewe ndiye unayefundisha watoto, kipengele cha tatu ni kipi?"

"Roho ya mtu," alisema Mama Kunegunda, na mikono ikashuka.

Halafu, kwa kuwa ni yeye, akaongeza kwa sauti kubwa: "Mimi mwenye nyumba nimeruhusu. Majirani mmesikia, nimeruhusu."

"Sikuwa nangoja ruhusa," alisema Koplo, na tayari alikuwa amegonga mlango kwa bega. Mlango wa mninga haukutikisika. Akapiga tena, akajishika bega, akautazama kwa heshima.

"Dirisha," alisema Careen. Alivunja kibao kimoja kwa kitako cha rungu, akajipenyeza kichwa, mabega, akakwama kiunoni. Mama Kunegunda alimshika miguu yote miwili, akasukuma kwa nguvu zile zile alizofungia mpira wa baiskeli, na konstebo akaingia kama barua kwenye sanduku. Hakuna aliyekumbuka kumwambia habari za mifuko.

Komeo likatoka. Waliokuwa uani waliona kwanza weupe. Ukuta ulikuwa mweupe, dari ya mabati inadondosha matone meupe, moto umezimika na kufuka mvuke, na paka wa Swalehe, ambaye hakutarajiwa kuwamo, alikuwa juu ya pipa na uso wa kizee. Kichanja cha vyombo kilikuwa kimeanguka chote. Chini yake, baina ya gunia la mahindi na sufuria kubwa, alikaa Bibi Otilia, mguu wa kushoto umebanwa, togwa linamtiririka kwenye paji la uso. Alikuwa analamba kidole.

"Limekolea," alisema kwa sauti ya kupiga kelele, maana masikio yalikuwa yamejaa mlio. "Kunegunda, limekolea vizuri ila umetia kimea kingi."

"Mama, nilikuwa nakuita."

"Eh?"

"Nilikuwa nakuita."

"Sikusikia kitu. Nilijua nimekufa, nikasema basi mbona mbinguni kunanuka ulezi." Alimtazama Koplo aliyekuwa ananyanyua gunia. "Na huyu anatafuta nini jikoni kwetu? Kaonyesha karatasi?"

Uani watu walianza kucheka, kwanza kwa woga, kisha bila woga. Koplo na Careen walimwinua Bibi Otilia kwa pamoja. Kifundo cha mguu kilikwishavimba, na kwenye mkono palikuwa na alama nyekundu ya mvuke, siyo kubwa. Careen alisema kama moto usingelowa ungekwishashika gunia, na gunia lilikuwa linagusa kanga ya bibi. Alilisema kama taarifa tu, huku anakamua pindo la suruali. Dumu la tatu lilikuwa bado zima kwenye kona, limevimba kama chura. Koplo alimwomba Mama Kunegunda alifungue yeye mwenyewe, kwa kuwa hilo, alisema, ni nje ya mafunzo yake.

Bibi alipelekwa hospitali kwa bajaji, akafungwa bandeji, akarudi kabla ya chakula cha mchana akilalamika kwamba daktari ni mtoto. Kwa Valence walifika saa sita badala ya saa tatu. Valence alikuwa ametoa viti nje, amefagia uwanja, amechoka kungoja kupekuliwa. Jenereta haikuwamo. Nzi walimfuata Mama Kunegunda chumba hadi chumba kwa togwa lililomkaukia nguoni, na Valence aliyekuwa na wasiwasi wake wote wa asubuhi aliishia kuuliza kama kuna togwa lililobaki.

Mchana ule Koplo Bashiru aliketi barazani na daftari lake. Kuingia bila hati lazima aeleze kwa wakubwa zake ni kwa nini, na alitaka mwenye nyumba asaini.

"Andika kwa ridhaa," alisema Mama Kunegunda. "Mimi niliruhusu, nina mashahidi ua mzima."

"Mama, naandika dharura."

"Ridhaa."

"Uliruhusu nikiwa nimeshakusogeza kwa macho. Dharura."

"Kuna tofauti gani kwako? Uliingia, umemtoa, asante sana, Mungu akubariki. Kwangu tofauti ipo. Mimi mlango wangu hufunguliwa kwa neno langu."

Koplo alikuna kidevu. Aliacha nafasi tupu kwenye ule mstari, akasema atapita Jumatatu.

Jumamosi jioni Swalehe alikuja na simu yake. Hakuwa na uso wake wa utani. "Mama mjumbe, nilirekodi. Nilitaka niwatumie watu, nikaona kwanza uangalie wewe."

Mama Kunegunda aliangalia akiwa amesimama, kisha akakaa. Aliona mwanamke mnene wa viatu vya kanisani, mikono imetandazwa mlangoni. Akasikia mlio wa pili. Akaona mvuke. Yule mwanamke akaita mara moja, akanyamaza, na akaendelea kusimama. Katika kumbukumbu yake jambo hilo lilichukua muda wa kupepesa macho. Kwenye simu tarakimu zilikuwa zinahesabu chini ya picha, zinahesabu tu, na mama yake alikuwa nyuma ya ubao ule, moto upo, gunia lipo. Dakika mbili na sekunde kumi na nne tangu picha ilipoanza mpaka mikono iliposhuka.

"Nifute?" aliuliza Swalehe.

"Usifute. Nirudishie mwanzo."

Aliangalia mara tatu. Bibi Otilia, aliyekuwa pembeni na mguu juu ya kigoda, aliomba naye aone, akaona, akasema kwamba ua unahitaji kutengenezwa, matete yamechakaa.

Jumapili walikwenda Lusewa na dumu moja, limefunikwa kwa kitambaa, Mama Kunegunda amelipakata safari nzima. Jumatatu, mkutano wa mtaa ulipofika kwenye mengineyo, alisimama. Koplo Bashiru alikuwapo, na daftari lake.

"Mwaka jana nilisema neno hapa mkapiga makofi," alisema. "Leo nalirekebisha, na makofi msipige. Karatasi ni lazima, saa ni lazima, shahidi ni lazima, risiti ni lazima wakichukua kitu. Hapo sijabadilika hata kidogo. Lakini ile ya tatu, ya roho ya mtu, nilikuwa naisema haraka kwa sababu siipendi. Nitaisema polepole sasa. Mtu akiwa hatarini ndani, askari anaingia. Hahitaji karatasi, na wala hangoji mwenye nyumba amalize kujivuna."

Subira aliinua mkono. "Mama mjumbe, na afande akija kwangu kila siku anasema dharura, dharura? Nani anajua kama ni kweli?"

Swali hilo liliwageuza watu wote. Mama Kunegunda alifikiri, na hakuficha kwamba anafikiri.

"Saa ile ile anajua yeye," alisema mwishowe. "Anaamua yeye, kwa anachokiona na kukisikia. Ndiyo maana baadaye lazima aandike aliona nini, na aliyemzidi cheo amwulize, na ikibidi hakimu amwulize. Akishindwa kujibu, huyo alivunja nyumba yako. Kwa hiyo wewe Subira kazi yako ni kuangalia vizuri na kukumbuka. Akikuwahi kuingia, usimpige mwiko. Mwite jirani, tazameni, semeni mlichokiona."

"Na asipotaka kuandika?"

"Njoo kwangu. Tutakwenda wote kituoni, nitavaa viatu."

Watu walicheka. Alishuka, akaenda moja kwa moja alipokaa Koplo Bashiru, akanyoosha mkono apewe daftari na kalamu. Nafasi ilikuwa bado tupu. Koplo alisema, kwa heshima, kwamba amefikiria, na kama ridhaa itampa mama amani basi anaweza kuandika ridhaa, hakuna atakayegombana naye kituoni.

"Usiniandikie ya uongo," alisema Mama Kunegunda.

Akaijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake wa duara anaouandikia majina kwenye kola za sare: dharura. Chini yake akaongeza kwamba ruhusa ya mwenye nyumba ilitolewa, ikachelewa dakika mbili na sekunde kumi na nne. Akasaini, akampa Swalehe asaini kama shahidi.

Swalehe alisoma yote mpaka mwisho. "Sekunde kumi na nne pia uliziandika?"

"Alikuwamo humo hizo nazo," alisema Mama Kunegunda, na akaondoka kwenda kumpikia mama yake uji.